Je, Wajua? Gemu ya Mkononi kwa Pesa ya Mpunga

Je, wajua kwamba gemu ya mkononi iliyotamba kuliko zote karne iliyopita ilikuwa na kioo kisicho na rangi wala taa? Game Boy ya Nintendo ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144, na vivuli vinne tu vya kijani kilichofifia. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na taa. Mwaka uliofuata Sega wakaja na Game Gear, nayo ya rangi. Zote mbili zilikula betri sita za AA na kuzimika baada ya saa tatu hadi tano. Game Boy ilikula nne na kumaliza saa kumi na zaidi. Hesabu ya mwisho: Game Boy na mdogo wake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Lynx na Game Gear zikabaki kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Je, wajua kwamba Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, aliajiriwa na Nintendo mwaka 1965 ili atunze mitambo ya kutengenezea karata? Kanuni yake ilikuwa moja: chukua teknolojia iliyokwisha kuzeeka, ya bei nafuu, ambayo kasoro zake zote zinajulikana, kisha itafutie matumizi mapya. Kwa mnunuzi wa hapa Dakawa, Morogoro, anayesubiri mpunga utoke shambani ndipo ashike noti, sijaona ushauri bora kuliko huo, ingawa Yokoi hakumfikiria yeye. Mashine mpya kabisa ikiharibika, fundi simu wa karibu ataigeuza mara mbili na kukurudishia. Ile ya kizamani atakuambia umwachie mpaka jioni.

Wajua pia kwamba kile kitufe chenye umbo la msalaba, kinachokaa chini ya dole gumba la kushoto, ni kazi ya Yokoi huyohuyo? Kilianza kwenye gemu ndogo ya Donkey Kong mwaka 1982. Ni mwaka huohuo ambao wapigania uhuru wa ANC kutoka Afrika Kusini walianza kujenga makazi yao hapa Dakawa, kwenye ardhi waliyopewa na serikali ya Tanzania, baada ya chuo chao cha Mazimbu. Miaka zaidi ya 40 imepita na kitufe hakijapata mrithi. Unapojaribu kifaa dukani, anza na hicho: bonyeza juu, chini, kushoto, kulia, halafu pembeni. Kikilegea au kikikwama, rudisha kifaa mezani hata kama kioo kinang'aa.

Je, wajua kwamba betri ya kitochi inaweza kuendesha gemu? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa inapookolewa. Vile vifaa vidogo vyenye sura ya Game Boy, vilivyoandikwa SUP na kudai gemu 400 ndani, vingi vinatumia betri ya aina ya BL-5C. Hiyo ndiyo betri ya Nokia 1100, simu ya tochi iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Maana yake ni kwamba spea yake unaipata kwa kila anayeuza vocha na chaja: unafungua mfuniko wa nyuma, unatoa ya zamani, unaweka mpya, kazi imeisha. Hakuna gundi, hakuna bisibisi. Kifaa cha bei mara tatu ambacho betri yake imegandishwa ndani kitakusumbua siku betri ikichoka, na betri zote huchoka.

Lakini BL-5C nayo ina historia. Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na Matsushita wa Japani, kwa sababu zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchaji. Siku hizi hatari iko zaidi kwenye zile za kughushi. Mafundi wana jaribio lao la haraka: laza betri kwenye meza iliyonyooka, uisukume kwa kidole izunguke. Ikizunguka kama pia, imevimba. Usiinunue, na kama ni yako, usiichaji tena wala kuitoboa.

Gemu 400 ni 400 kweli? Mara nyingi utakuta gemu ileile imejirudia kwa jina jingine, au inaanzia hatua ya pili ikahesabiwa upya. Wazee wa miaka ya tisini wanayakumbuka hayo kwenye Brick Game ya Kichina iliyojitangaza kuwa na gemu 9999. Ndani mlikuwa na gemu chache za matofali yanayoshuka, vifaru na magari, zilizozidishwa kwa kasi na ngazi. Ukiuziwa kwa idadi ya gemu, unauziwa hewa. Omba uoneshwe tano unazozitaka wewe.

Wajua kwamba mtunzi wa ile gemu ya matofali hakupata mrabaha kwa zaidi ya miaka kumi? Alexey Pajitnov aliitunga Tetris mjini Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta ya Kirusi iliyochora matofali kwa mabano, kwa kuwa haikuweza kuchora picha. Haki zilishikwa na dola ya Kisovieti, naye akaanza kupokea chake mwaka 1996. Tetris ikiwa ndani ya Game Boy ilifika hata angani: mwanaanga wa Kirusi Aleksandr Serebrov alikaa nayo kwenye kituo cha Mir mwaka 1993.

Je, wajua kwamba Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na bao ndani? Wengi wanakumbuka nyoka, ambaye alianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997 kwa mkono wa mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto. Lakini kando ya nyoka kulikuwa na gemu iitwayo Bantumi, ya safu mbili za mashimo na kete za kugawa. Ni ndugu mdogo wa bao letu, maana bao la Kiswahili lina safu nne, mashimo 32 na kete 64. Mchezaji wa bao anayejua kunamua angeimaliza Bantumi akiwa anasubiri chai ipoe.

Sasa tuingie kwenye simu, kwa sababu swali la kwanza si "ninunue gemu gani" bali "ninayo nini tayari". Je, wajua kwamba simu ya Android ya kawaida inaweza kucheza gemu za PSP? PSP ya Sony ilitoka Desemba 2004 na kuuzwa karibu milioni 80. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, lakini tangu Novemba 2012 ipo emuleta iitwayo PPSSPP, yaani programu inayoifanya simu ijifanye PSP. Ilianzishwa na Henrik Rydgård, mtunzi wa programu kutoka Sweden, na inatolewa bure. Haihitaji bando ukishaiweka.

Ndiyo sababu vijana wa vijiweni bado wanacheza PES na FIFA za PSP, ingawa matoleo ya mwisho ya gemu hizo kwa mashine hiyo yalibeba jina la mwaka 2014. Watu wenye ujuzi wa kompyuta huzifumua, wakabadilisha majina na jezi kila msimu, zikaendelea kuishi. Linganisha na eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021: ni bure kuipakua, lakini bila intaneti haichezeki. Kwa mtu anayenunua bando la siku, gemu ya bure inayodai mtandao kila saa ni gemu ya kulipia kwa mlango wa nyuma.

Neno moja la sheria, kisha tusonge. PPSSPP yenyewe ni halali. Gemu za watu zinazosambazwa bila idhini si halali, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Kadi zinazokuja zimejazwa maelfu ya gemu karibu zote ni za namna hiyo, muuzaji akuambie asikuambie.

Je, wajua kwamba wenye simu nzuri wengi hawahitaji kifaa kipya, wanahitaji pedi? Tatizo la kucheza kwenye simu ni vidole kuziba kioo. Pedi ya bluutuuthi inayoshika simu pande mbili hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine kamili, na siku ukibadilisha simu, pedi inabaki. Kabla ya kulipa, pima upana: simu za siku hizi ni ndefu, na pedi za zamani hazifungui vya kutosha. Mimi ningeanza hapa. Hasara yake ni moja: mama akipiga simu katikati ya penalti, mpira unakwisha.

Na wale wanaotaka kuanza na kibanda? Kibanda cha gemu, kile chenye PlayStation na benchi la mbao, kinakukodishia mashine ambayo usingeinunua na wapinzani usiowapata nyumbani. Kwa anayecheza Jumamosi tu, hesabu ya kibanda inaweza kuishinda ya kununua kwa muda mrefu sana.

Wajua kwamba kuna gemu ya mkononi ya Sony ambayo haiwezi kucheza gemu yenyewe? PlayStation Portal, iliyotoka Novemba 2023, ni kioo na pedi tu. Gemu inaendeshwa na mashine iliyoko kwingine, kwa kawaida PlayStation 5, picha ikaletwa kwa Wi-Fi, na kampuni inataka kasi isiyopungua megabiti 5 kwa sekunde. Ukiiona inauzwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini mwenyewe anaitupa. Dakawa, bila PS5 na bila intaneti ya uhakika, ni kioo kizuri cha kujitazamia.

Tahadhari ya mtumba kutoka Japani: Nintendo 3DS imefungwa kwa eneo. Ya Japani inataka kadi za Japani, na lugha yake ni Kijapani mpaka mwisho. Duka lake la mtandaoni nalo lilifungwa kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023. Kinyume chake, Game Boy Advance, Nintendo DS ya kwanza na gemu za PSP hazikubagua nchi. Muuzaji anaweza asijue tofauti hiyo, au akajua na kunyamaza.

PS Vita je? Kifaa kizuri, kioo safi, lakini Sony waliiundia memori kadi ya peke yake, isiyoingia kwenye kitu kingine na ambayo leo ni ghali na adimu. Ukipewa Vita bila kadi, umepewa nusu.

Je, wajua kwa nini mchezaji wako anatembea peke yake hujamgusa? Ni kijiti. Vijiti vingi hupima mkao kwa kisigino kidogo cha chuma kinachosugua utepe wa kaboni, na utepe huo huliwa taratibu, vumbi likiharakisha. Vumbi la Dakawa wakati wa kiangazi sina haja ya kulieleza. Vipo vijiti vinavyotumia sumaku, visivyosuguana, vinavyotegemea jambo aliloligundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Sega walivitumia tangu miaka ya tisini, na sasa vimeingia hata kwenye vifaa vya bei ya kati vya Kichina. Ukikuta viwili vya bei sawa, chukua chenye sumaku. Ukikuta kisicho na vijiti kabisa, na gemu zako ni za zamani, hicho ndicho kitakachodumu zaidi.

Kifaa kipya hakichaji? Usikimbilie kukirudisha. Vifaa vingi vya bei ya chini vina tundu la USB-C lililoundwa kwa haraka: viwanda viliacha vizuizi viwili vidogo vya umeme, vinavyogharimu chini ya senti. Bila hivyo, waya wenye C pande zote mbili haupitishi chaji. Tumia waya wa kizamani, mpana upande mmoja na C upande wa pili, kwenye chaja ya kawaida ya volti 5. Achana na chaja za kasi za simu kubwa, kwani zimewahi kuunguza vifaa vidogo.

Sasa umeme, jambo ambalo Dakawa haifundishwi. Skimu ya hapa, yenye hekta zipatazo 2,000, inapandisha maji ya Mto Wami kwa pampu za umeme, na wakulima wanaijua bili yake kuliko mjini. Lakini kwa gemu, gharama ni ndogo mno. Kifaa kama Miyoo Mini Plus kina betri ya miliampia-saa 3,000, sawa na wati-saa 11 hivi. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Hata ukikata kinachopotea njiani, uniti moja inajaza kifaa hicho zaidi ya mara 60.

Tatizo ni umeme kukatika. Hapo hesabu inageuka kuwa ya pawabenki. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 ina wati-saa 37, na kinachofika kwenye kifaa ni theluthi mbili hivi, yaani 25. Inajaza Miyoo mara mbili, na chenji inabaki. Steam Deck ya kwanza, gemu ya mkononi ya daraja la juu, ina betri ya wati-saa 40, kwa hiyo pawabenki hiyohiyo inaiacha katikati. Gemu nzito ikiwa inachezwa, betri ya Steam Deck inaweza kuisha ndani ya saa mbili.

Nimeitaja Steam Deck, basi tuseme bei. Ilipotoka tarehe 25 Februari 2022 ilianzia dola 399, na Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 ilianzia dola 449.99 huko Marekani. Kwa dola ya Sh 2,500, ya kwanza ni karibu milioni moja kabla ya nauli ya mzigo na ushuru, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwemo. Kwa pesa hiyo shambani kuna mambo mengine yanakusubiri, na mimi sitakushauri uyaache. Switch Lite ya mwaka 2019 ni nafuu zaidi na inafaa watoto, ila ujue haiunganishwi na televisheni, tofauti na Switch kubwa.

Je, wajua kwamba joto huila betri hata ukiwa huchezi? Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony na kuwapatia wavumbuzi wake watatu Tuzo ya Nobel mwaka 2019, huchakaa upesi zikikaa na joto huku zimejaa. Kifaa kinachotunzwa Nyandira, juu kwenye baridi ya Uluguru, kitazeeka polepole kuliko pacha wake aliyeko huku bondeni. Usikiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya bati. Ukikiweka kabatini msimu mzima, kiache na nusu ya chaji.

Na jua? Vioo vingi vya sasa mchana wa Dakawa vinaonesha sura yako. Game Boy Advance ya 2001 haikuwa na taa, wateja wakanung'unika, na mwaka 2003 ikaja SP yenye taa na betri ya kuchaji. Kijana anayeamia kweleakwelea shambani angeipenda ile ya kwanza, inayoonekana vizuri kadiri jua linavyowaka. Mwenye shamba asingeipenda, maana ndege hawasubiri mtu amalize raundi.

Wajua kwamba gemu haina IMEI? Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na unaweza kutuma namba ya IMEI kwenda 15090 kujua kama simu yako ni halisi. Kifaa cha gemu kisicho na laini hakina njia hiyo. Kinachobaki ni macho yako na risiti ya EFD, iwe umenunua Kariakoo au karibu na stendi ya Msamvu. Asiyetaka kukupa risiti usitegemee atakupa warranti.

Tufunge na R36S, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi na wenye mfuko mdogo. Mtandaoni huuzwa dola 30 hadi 50 ikitoka China. Ina kioo cha inchi 3.5, chipu ya RK3326 na memori ya gigabaiti 1. Gemu za PlayStation ya kwanza na za kabla yake inazicheza bila shida, za PSP inachagua. Imeigwa sana, na zipo nakala za nakala zenye ubao tofauti ndani ya ganda lilelile, kwa hiyo programu ya moja haikubali kwenye nyingine.

Udhaifu wake mkubwa ni kadi. Ina matundu mawili ya memori kadi, na ile ya kwanza ndiyo iliyobeba mfumo mzima wa kuendesha kifaa. Kadi zinazokuja nayo ni za hali ya chini kabisa, na sokoni zimejaa nyingine zilizoandikwa gigabaiti 512 ilhali ndani ni 8. Programu ya bure iitwayo H2testw huzifichua kwa kuzijaza hadi ukomo wake. Kabla hujacheza gemu yoyote, toa kadi, nakili mfumo mzima kwenye kompyuta ya rafiki, uuhamishie kwenye kadi ya kuaminika. Kadi ya asili ikifa, kifaa hakiwaki hata kidogo, na wenyewe wengi hudhani kimeungua. Kwa hiyo ukikuta R36S kwenye droo ya fundi inauzwa bei ya spea, muulize kwanza kama aliwahi kubadilisha kadi.